Karatasi ya bikira hakuna, na ukiitafuta Uingereza ni kesi

Msimu wa harusi za kiangazi ukikaribia simu za ofisini kwetu haziishi, na wanaopiga wengi ni mama zetu Waswahili wa huku Uingereza, watu wazuri tu, hawana nia mbaya, wanatafuta daktari wa kuandika kwamba binti ni bikira. Majuzi mmoja kanisikilizisha voisi ya WhatsApp aliyotumiwa na mamake bwana harusi kutoka Mombasa, sauti ya upole kabisa: "Dada yangu, twataka kijikaratasi cha daktari tu, si kwamba hatumuamini mtoto." Ndo maana naandika.

Sheria inayokataza hayo huku inaitwa Health and Care Act ya 2022, na kwa mambo haya imeanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Makosa ni mawili, kupima bikira na kushona kizinda, na kila moja lina matawi matatu: kufanya, kumwambia mtu kwamba utamfanyia, na kusaidia au kushawishi afanyiwe. Adhabu inafika miaka 5 jela, au faini, au vyote viwili. Hilo tawi la kusaidia lisomeni mara mbili jamani, maana shangazi aliyetafuta namba ya daktari na baba aliyetoa hela wote wanaweza kujikuta humo. Tena imeandikwa wazi, kwa ridhaa au bila ridhaa, kwa hiyo ile ya "lakini binti mwenyewe kakubali" msituletee, nimechoka kuisikia. Na kumpandisha ndege hakukuokoi, raia wa Uingereza au mtu anayeishi hapa akiyafanya hayo Dar, Nairobi au Dubai bado anashtakiwa huku.

Kizinda chenyewe kina uwazi tangu mtoto anazaliwa, kingekuwa kimeziba hedhi ingetokea wapi? Wapo wachache ambao kweli kimeziba, binti anaumwa tumbo kila mwezi na damu haioni, huyo anafunguliwa hospitali na hilo halina shida na sheria, mpelekeni. Kwa waliobaki kinatofautiana, kinavutika, wengi hawatoi hata tone usiku wa kwanza. Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walishasema 2018 kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha mwanamke kalala na mwanaume au hajalala. Daktari hana cha kusoma pale! Na huko kushona ni kuvuta kingo zilizobaki na kuzitia nyuzi, damu yenyewe hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Najua mila, mi mwenyewe mtoto wa pwani. Bibi zetu walikuwa na kisarawanda, kitambaa cheupe kinatandikwa, asubuhi kinatolewa nje na vigelegele. Ila kungwi alikuwa upande wa mwari, na habari za damu ya kuku nani hajazisikia? Wale wazee walijua kinachotafutwa ni heshima ya nyumba mbili, wakaitafutia njia. Bwana harusi hakutandikiwa chochote, hilo halijawahi kumsumbua mtu.

Na wanaosema sheria hii inapiga vita dini, fungueni Surat an-Nur aya ya 4, anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne ni fimbo 80. Wakristo nao wasome Kumbukumbu la Torati 22, mume aliyemzushia mkewe analipa shekeli 100 za fedha. Kote kuwili anayezusha ndiye anayeadhibiwa.

Kama kuna binti analazimishwa, hatari ikiwa ya sasa hivi piga 999, ikiwa bado ongea na GP (daktari wake wa mtaa), mwalimu wake au ustawi wa jamii wa kaunsili. Mwalimu na nesi hawawezi kukaa kimya wakishaambiwa, msiwakasirikie.

Yule mama alirekodi jibu palepale kwenye kiti: "Dada yangu, karatasi hakuna, huku ni jela. Mtoto mwamtaka hamumtaki?" Tiki zikawa bluu. Mpaka anavaa koti anaondoka, kimya.