“Sasa huyu ndiyo ashakuwa vile?”

Mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, alimleta ofisini kwangu mwanawe, kijana wa miaka 23. Kijana kakaa ukingoni mwa benchi, kofia kaishusha hadi machoni, chupa ya maji mkononi hajaifungua. Mama akanivuta mlangoni, akanong'ona: “Mwanangu, nikuulize. Sasa huyu ndiyo ashakuwa vile?”

Hakuuliza dawa. Kijana kaingiliwa kwa nguvu na mwanaume juzi usiku, na siku nzima imeliwa na kikao cha ukoo: mjomba anataka asomewe dua kwanza, baba mdogo anasema neno lisivuke kizingiti. PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hili, haingoji kikao. Mwisho wa kuianza ni saa 72 baada ya tukio, na ukiwahi ndiyo bora zaidi.

Nikamjibu: hapana mama, hajawa chochote, kaumizwa. Jibu hili nimelitoa mara nyingi mno, upole unaanza kuniishia. Kuingiliwa kwa nguvu hakumgeuzi mtu shoga, kama vile kugongwa na bodaboda hakukufanyi dereva. Wapo wanaokaa mbele yangu ambao kweli wanapenda wanaume wenzao, na walijijua zamani, kabla ya huyo mshenzi kuwagusa. Hao dhana hii huwachoma pande mbili: nyumbani wanaambiwa “kumbe ndiko ulikoharibikia”, mtaani wanaambiwa “si ndiyo unachopenda?” Mtu anayependa wanaume hajawaruhusu wanaume wote. Mbona mke wa mtu hatumwambii hivyo?

Halafu mama akitoka nje, kijana mwenyewe huniuliza lile linalomla usingizi: “Dada, mbona mwili wangu uliitika?” Mwili huitika ukiguswa, hata katikati ya hofu. Ukikata kitunguu machozi yanakutoka. Nani atakupa pole ya msiba? Kusimama au kumwaga si ridhaa. Hili nalirudia hata mara tatu kikao kimoja, maana mara ya kwanza hawalisikii.

Maneno mengine ninayoletewa nayapitia haraka.

“Mbona hakupiga kelele?” Hofu hukausha mtu. Mikono haiinuki, sauti haitoki. Ubongo ndivyo unavyofanya, kijana hakuchagua.

“Msagaji akipata mwanaume wa kumkomesha atanyooka.” Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, alibakwa na kuuawa mwaka 2008. Anayeleta neno hili ofisini kwangu namwonyesha mlango.

“Bila PF3 hutibiwi.” Hiyo ni fomu ya polisi ya matibabu. Matibabu ya dharura huanza, fomu hufuata.

“Nimeshaoga, basi tena.” Njoo hivyo hivyo. Nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Plastiki huzivundisha na ushahidi huharibika.

“Mwanaume akiripoti atafungwa yeye.” Hapa siwezi kucheka na mtu. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtaja mwanamke au msichana tu kuwa ndiye anayebakwa. Mwanaume anaangukia kifungu cha 154, kinyume na maumbile, na hicho hicho ndicho kinachowafunga waliokubaliana, miaka 30 kwenda mbele. Hofu yao ina msingi. Ninachowaambia: anzia hospitali. Sema nani kakuumiza, wapi, lini, vipi. Unampenda nani hulazimiki kusema. Mimi siulizi, na mhudumu akikuuliza hilo mwambie halihusiani na jeraha. Ukitaka kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, usiende peke yako.

Yule kijana alimeza kidonge cha kwanza pale pale, kwa maji ya chupa ile. Siku 28 bila kuruka hata moja, na chanjo ya homa ya ini B kama hujawahi kuchanjwa. Vidonge vinaweza kutia kichefuchefu, kwa hiyo meza usiku baada ya kula. Wa Tanga nawaambia wafungamanishe na adhana ya Isha, maana alamu ya simu mtu huizima akalala.