Binti wa Marie Antoinette hakuuawa, tuyaweke sawa haya mambo

Ukiwatajia watu familia ya Louis wa 16 wa Ufaransa wengi wanakwambia wale walikatwa vichwa wote, baba, mama na watoto. Siyo kweli jamani. Waliopelekwa kwenye gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ni mfalme mwenyewe Januari 21, 1793, malkia Marie Antoinette Oktoba 16 mwaka huohuo, na Élisabeth, dada wa mfalme, Mei 1794. Mtoto wa kiume, Louis Charles, hakufikishwa huko, yeye aliugua akafia gerezani Temple pale Paris Juni 1795, ana miaka 10 tu. Aliyebaki hai ni dada yake Marie-Thérèse, mzaliwa wa Versailles, Desemba 1778.

Sasa kuna wanaosema basi kama alibaki hai ina maana alitunzwa vizuri. Hapana aisee. Aliingia Temple Agosti 1792 ana miaka 13, na shangazi yake Élisabeth alivyochukuliwa akabaki peke yake chumbani zaidi ya mwaka mzima, mdogo wake anaumwa ghorofa ya chini yake na haruhusiwi hata kumuona, na kila akiuliza mama yangu yuko wapi hakuna anayemjibu. Aliandika ukutani kwamba yeye ndiye mtu mwenye bahati mbaya kuliko wote duniani, ameomba mara elfu akutanishwe na mama yake na hata habari zake hapewi. Mama mwenyewe alishauawa zamani! Amekuja kuambiwa mwaka 1795, karibu miaka miwili baadaye, tena kwa mpigo mmoja: mama, shangazi, mdogo wake, wote hawapo. Hapa ndo huwa nashindwa kuwaelewa wanaomwita mwanamke mkavu asiye na moyo, eti alikuwa hacheki alivyorudi Paris mwaka 1814, ukoo wake uliporudi madarakani. Acheke nini?

Lingine ni kwamba alitoroshwa usiku na watu watiifu kwa mfalme. Ni kweli alitolewa usiku, Desemba 1795, anakaribia kutimiza miaka 17, lakini serikali yenyewe ndo ilimtoa, walibadilishana wafungwa na Austria kule Basel. Na kati ya wafungwa waliorudishwa Ufaransa alikuwemo Drouet, yule yule aliyemtambua mfalme walipojaribu kukimbia mwaka 1791 wakakamatwa Varennes. Yaani uhuru wa binti ulilipiwa na uhuru wa mtu aliyeiponza familia yake.

Halafu ile stori kwamba aliyeenda Vienna, Austria, baada ya kubadilishwa ni msichana mwingine, Marie-Thérèse halisi akaishi amejificha Ujerumani kama yule mama aliyekuwa akivaa shela kule Hildburghausen. Stori ilidumu miaka na miaka, mpaka kaburi likafukuliwa 2013, wakapima DNA, na majibu ya 2014 yakaonyesha siyo yeye. Imeisha hiyo.

Na kuhusu kuwa malkia kwa dakika 20 mwaka 1830, ni hivi, baba mkwe wake Charles wa 10, mfalme wa wakati huo, alisaini kujiuzulu, mume wake (mrithi wa kiti, ambaye ni binamu yake pia) naye akasaini muda mfupi baadaye, hizo dakika za katikati ndo watu wanazihesabu. Hakuvikwa taji, hakutawala chochote. Mimi naona cha kukumbuka zaidi ni Bordeaux mwaka 1815, Napoleon amerudi, wanaume wengi wa ukoo wanakimbia, yeye akaenda kambini kuwasihi wanajeshi wasiasi. Walikataa, ila alienda.

Wengi pia wanadhani amezikwa Saint-Denis, kanisa la makaburi ya wafalme wa Ufaransa, na wazazi wake. Hayupo. Alifariki uhamishoni Frohsdorf, karibu na Vienna, Oktoba 1851 kwa nimonia, ana miaka 72, na kaburi lake liko kwenye monasteri ya Kostanjevica, Slovenia, pamoja na mume wake na huyohuyo Charles wa 10.