Kadi ya mpiga kura pekee haitoshi: jiandikishe mtaani kwako kabla 20 Oktoba 2024 haijapita

Kwa wakazi wengi wa Tanga ninaokutana nao kwenye mikutano ya elimu ya mpiga kura, maandalizi ya uchaguzi yanaishia kwenye kadi. "Kadi n'nayo mwanangu, tena nimeitunza," anasema bibi mmoja wa Makorora huku akifungua fundo la leso. Kweli anayo, na haina hata mkunjo. Lakini Jumatano ya 27 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, akifika kituoni bila kujiandikisha upya mtaani kwake, jina lake halitakuwepo, na kadi ile haitaliingiza.

Tuna madaftari mawili, na ndiyo yanayowachanganya watu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hilo ndilo linalotoa kadi, na hutumika kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na una orodha yake, inayoandikwa upya katika kila mtaa na kila kitongoji. Ukijiandikisha huku hupewi kadi yoyote. Unaandikwa kitabuni na kurudi nyumbani mikono mitupu, jambo linalowafanya wengine wadhani hawakuandikishwa.

Mwaka huu wa 2024 mkanganyiko umezidi kwa sababu Tume nayo inaboresha daftari lake kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa mwakani. Zoezi hilo lilianzia Kigoma 20 Julai na linazunguka mkoa kwa mkoa. Zamu yetu ikifika utakwenda huko pia. Hayo ni mambo mawili, na kulifanya moja hakukuondolei la pili.

Uandikishaji wa serikali za mitaa ni siku 10 tu, kuanzia Ijumaa 11 Oktoba hadi Jumapili 20 Oktoba. Anayestahili ni raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mkazi wa mtaa au kitongoji husika. Neno mkazi lichukulieni kwa uzito. Kijana aliyezaliwa Lushoto na sasa amepanga chumba Mabawa anajiandikisha Mabawa, maana matatizo ya maji, taka na ulinzi anayoishi nayo ni ya Mabawa. Kujiandikisha sehemu mbili ni kosa.

Wavuvi nina neno nao, hasa wa dagaa. Safari hii kalenda ya mwezi imewapendelea kwenye uandikishaji. Mwezi utakuwa mpevu 17 Oktoba, kwa hiyo siku nyingi kati ya zile 10 ni za mbalamwezi, taa za kuvutia dagaa hazifanyi kazi na vyombo vingi vimepumzika. Wa Sahare na Kasera, zitumieni siku hizo. Siku ya kupiga kura mambo yatageuka: mwezi mwandamo ni 1 Desemba, hivyo 27 Novemba tutakuwa tunaingia gizani, na giza ndilo riziki yenu. Aliyevua usiku wa kuamkia siku hiyo na kushusha asubuhi bado ana muda, kwa kuwa vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aliye dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, hana njia ya kupiga kura huko aliko. Manahodha, lipangeni hilo na mabaharia wenu mapema, kabla chombo hakijatweka.

Ukifika kituoni, angalia jina lako linavyoandikwa. Huku kwetu mtu anaweza kuishi miaka 40 akiitwa Mama Rehema au Fundi, na jirani asijue jina lake jingine. Mwandikishaji anaandika anachosikia. Taja majina yaliyo kwenye kitambulisho chako, kisha mwombe akusomee alichoandika: Mwanahamisi asiandikwe Mwanaisha, Mohamedi wawili wa nyumba moja wasigeuzwe mtu mmoja. Uandikishaji ukiisha, orodha hubandikwa hadharani. Watu hupita mbele yake kama tangazo la mnada. Simama uisome, mtafute na mzazi wako asiyeona vizuri, na jina likikosekana au likiwa na kasoro toa taarifa hapo hapo wakati marekebisho bado yanawezekana. Ukigundua kosa siku ya kura umeshachelewa.

Nasikia watu wakisema huu ni uchaguzi mdogo. Mimi sikubali. Ukitaka kufungua akaunti, kumdhamini ndugu polisi au kuomba kitambulisho cha Taifa, barua ya utambulisho inaanzia serikali ya mtaa. Ugomvi wa mpaka wa nyumba, kelele za baa, mtaro uliozibwa, vyote vinapita kwa mwenyekiti kabla diwani hajavisikia.

Vijijini uzito ni mkubwa zaidi kwa sababu ya ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Wenzetu wa Pangani na Mkinga wanaelewa ninachosema: eneo la ufukweni linapopata mteja, muhuri unaotafutwa ni wa kijiji. Halmashauri hiyo ina wajumbe 15 hadi 25, mtawaweka nyinyi, na watakaa miaka mitano. Kwa hiyo kampeni zitakapoanza, 20 hadi 26 Novemba, nendeni mkaulize. Anayetetea kiti aeleze mara ya mwisho alisoma lini mapato na matumizi mbele ya wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe angalau kila miezi mitatu, aliuitisha mara ngapi. Mgombea mpya aulizwe kama anajua kwamba mikutano hiyo ni wajibu. Mgombea anayekasirishwa na swali kabla hajapata muhuri, mtazameni mara mbili.

Jambo jingine ambalo halijafika masikioni mwa wengi: pale penye mgombea mmoja tu, safari hii kura itapigwa, ya ndiyo au hapana. Mwaka 2019 maeneo mengi wagombea walipita bila kupingwa na wananchi hawakuona hata karatasi. Mwenye mgombea mmoja mtaani kwake asibaki nyumbani akidhani kazi imeshaisha.

Siku yenyewe haina mengi. Beba kitambulisho: cha Taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, kadi ya bima ya afya au ya benki. Hapo sasa ndipo kadi ya bibi wa Makorora inapopata kazi, kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenye jina lililo kwenye orodha. Kura ni ya siri. Asiyeona au asiyeweza kuandika ana haki ya kwenda na mtu anayemwamini amsaidie.

Vijana wenye bodaboda, kati ya 11 na 20 Oktoba wapelekeni wazee wenu vituoni. Kituo cha mtaa wako kama hukijui, mtendaji wa mtaa anakijua; muulize wiki hii.