The Ex: yasemwayo na yaliyo kweli

Ukitaja punk, ile roki ya kelele na ukali, wengi huona vijana wenye hasira watakaotulia wakishapata kazi na watoto. Bendi ya punk The Ex ya Uholanzi ilianza mwaka 1979 kati ya vijana wa Amsterdam waliokuwa wakivamia majengo matupu na kuishi humo. Jina lenyewe walilipendea ufupi: linaandikika ukutani kwa rangi ya kupuliza chap chap. Wala hawajatulia: mwaka 2025 walitoa albamu nyingine.

Husemwa pia kwamba hawajui muziki. Mwanzoni ilikuwa kweli, hata vyombo waligawana kwa kura. Ila hawakubaki hapo. Mwaka 1991 walirekodi albamu na Tom Cora, Mmarekani mpiga selo (fidla kubwa), na Katherina Bornefeld, aliyeko kwenye dramu tangu 1984, anapiga midundo ambayo wanamuziki wengi wa roki ingewachanganya.

Eti wamebaki chini kwa chini kwa kukosa kampuni ya kuwatoa? Hawakuwa wakisubiri kutoka. Kazi zao wanazitoa wenyewe, ndiyo maana mwaka 1986 waliweza kuuza santuri mbili ndogo ndani ya kitabu kizima cha picha za mapinduzi ya Hispania ya 1936. Sijui kampuni gani kubwa ingekubali biashara hiyo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ya Ethiopia: kwamba ni Wazungu walioenda Addis Ababa kuokota ladha ya Kiafrika, wakamweka mzee mmoja mbele kama pambo. Mzee huyo ni Getatchew Mekuria, aliyehamishia kwenye saksafoni shellela, yaani majigambo ya vita ya Waethiopia, akayapiga kwa mngurumo wa kutisha. Mwaka 2004, akikaribia miaka 70, alialikwa Uholanzi kwenye sherehe za miaka 25 ya bendi. Akawasikia, akawapenda, kisha yeye ndiye aliyewaomba wawe bendi yake kwa albamu yake mpya. Nyimbo zikawa za kwake, wao wakajifunza kumfuata. Albamu hiyo, Moa Anbessa, ilitoka mwaka 2006, na jina la Mekuria ndilo linalotangulia kwenye jalada. Ukiisikiliza utagundua magita yao makavu hayamfuniki hata kidogo, yanamchochea. Mekuria alifariki mwaka 2016.

Hata kwa bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa, wale wa likembe (vinanda vya kupigwa kwa vidole) zenye spika, The Ex hawakuiba kimyakimya. Walipopiga muziki wa Konono kwenye albamu yao Turn ya 2004, waliliweka jina la Konono kwenye jina la wimbo.

Na mwimbaji akiondoka? G.W. Sok aliondoka 2009 baada ya miaka 30. Arnold de Boer akachukua kipaza sauti na gita juu yake, safari ikaendelea. Anayekwenda kwenye onyesho lao akitarajia vibao vya 1980 ajiandae, maana jukwaani hupenda kupiga vipya.