Mesh haiongezi spidi ya kifurushi chako
Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, eti ukifunga vidude vitatu vya mesh (vile vya kusambaza wifi nyumbani) basi intaneti ya Mbps 10 (kipimo cha spidi) inakuwa 30 na TV haigandi tena, jamani sio kweli. Mesh inasambaza tu wifi ifike chumba cha mbali, spidi inayoingia nyumbani ni ileile unayolipia, na kidude kisicho na waya mara nyingi kinaipunguza kidogo maana kinapokea na kurusha kwa hewa hiyohiyo.

Kupima ni rahisi. Chomeka laptop kwa waya kwenye ruta upime spidi, halafu pima kwa simu ukiwa umesimama pale kwenye TV. Ukiona 10 kwenye ruta na 2 sebuleni, mesh itakusaidia, ila weka kidude katikati ya ruta na TV, sio nyuma ya TV ambako mawimbi yameshakufa (wengi tunakosea hapo). Ukiona 10 kote, basi tatizo sio wifi, huenda ni kifurushi.

Wanaosambaza meseji hiyo hawadanganyi, kwao TV iliacha kuganda kweli, kumbe ukuta ndio ulikuwa unakula mawimbi. Ikikufikia usiifowadi, mwambie aliyekutumia apime kwanza kabla hajatoa hela dukani.