Themokapo: kijiti kinachozima jiko la gesi ukiachia kitufe

Mwezi uliopita nilifika kwa dada yangu Tabata nikamkuta anapika kwa mkono mmoja. Wa kulia unakoroga mchuzi wa samaki, wa kushoto umekandamiza kitufe cha jiko. "Nikiachia tu, linazima," akaniambia. Siku ya nne hiyo. Fundi aliyekuja alishamwambia swichi nzima imekufa, na bei aliyomtajia ilikuwa inakaribia nusu ya jiko jipya.

Swichi ilikuwa nzima. Kilichogoma ni kitu kidogo ambacho mafundi wengi hukiita sensa, na jina lake ni themokapo.

Ukifunua pleti ya jiko la oveni utaona vijiti viwili vimesimama kando ya kichomeo. Chenye kauri nyeupe ni cha kutoa cheche. Cha pili ni cha chuma kitupu, ncha yake inafika mahali moto unapolamba, na kwa chini kinaendelea kama uzi mwembamba wa shaba hadi nyuma ya kitufe. Hicho ndicho themokapo. Usikitafute kwenye kile kichomeo kinachofungwa juu ya mtungi wa kilo 6, hakimo.

Ndani yake zimeunganishwa metali mbili za aina tofauti. Mahali zilipoungana pakipata moto huku ncha za upande wa pili zikibaki baridi, umeme kidogo unazalika wenyewe, bila betri wala LUKU. Jambo hili aliligundua mwanafizikia Mjerumani Thomas Johann Seebeck mwaka 1821, alipoona sindano ya dira inacheza karibu na metali alizozipasha moto upande mmoja. Yeye mwenyewe alidhani ameona usumaku tu.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Kwenye jiko ni kama milivolti 20 hadi 30, wakati betri moja ya rimoti ina 1,500. Lakini unatosha kuipa nguvu sumaku iliyoko nyuma ya kitufe, na sumaku hiyo ndiyo inayoshikilia mlango wa gesi usifunge. Hapa ndipo watu wengi hawapajui: sumaku haina ubavu wa kuufungua ule mlango. Kuna springi inayousukuma ufunge muda wote, na wa kuishinda springi ile ni kidole chako. Unakandamiza, gesi inapita, unawasha, ncha inapata moto, na baada ya sekunde tano au kumi sumaku inakupokea mzigo. Ukiachia kabla haijapokea, springi inashinda.

Upepo ukizima moto, ncha inapoa, umeme unakatika, sumaku inaachia, mlango unafunga. Kazi yake yote ndiyo hiyo, na ni kazi kubwa, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya makabati.

Sasa kwa nini inagoma? Mara nyingi ni uchafu. Uji umefurika, mafuta ya maandazi yamerukia, masizi yamejijenga, na ncha imevaa koti. Joto haliingii vizuri, umeme haufiki kiwango. Funga mtungi, acha jiko lipoe, sugua ncha kwa msasa laini au steelwire ya kuoshea vyombo mpaka chuma kionekane, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usikwangue kwa kisu. Ikiwa ncha ni safi na bado, angalia kama imezama au imepinda ikakaa nje ya moto; jiko lililohamishwa kwenye Kirikuu kutoka Mbagala hadi Goba linaweza kufika na vijiti vyote vimelala. Bado? Nyuma ya kitufe kuna muungano unaolegea au kushika kutu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, kutu haikawii. Huo mwachie fundi. Na themokapo yenyewe huchakaa, hubadilishwa peke yake bila kugusa swichi. Mpelekee muuza spea ile ya zamani, maana urefu na kichwa hutofautiana.

Kuna makosa inayosingiziwa. Kama jiko linawaka vizuri halafu linazima katikati ya pishi, kwanza zima pangaboi: upepo wake unaupeperusha moto mbali na ncha, na kijiti kinafanya kilichowekewa kufanya. Au kofia ya kichomeo imerudishwa upande baada ya kuoshwa, moto usitokee pale penye kijiti. Kama moto hauwaki kabisa, hata kwa kiberiti, kijiti hakihusiki; angalia mtungi, regyuleta na matundu ya kichomeo.

Ujanja huohuo umo kwenye boila za gesi za Uingereza, zile zinazopasha joto nyumba nzima. Za zamani zilikuwa na kimoto kidogo kinachowaka usiku na mchana, na kijiti kimeketi ndani yake. Kimoto kikikataa kubaki, fundi wa kule huanza kwa kukishuku kijiti hicho. Za kisasa zimeacha njia hiyo: zinapitisha umeme kwenye mwali wenyewe, kwa kuwa mwali unapitisha umeme, na mwali ukikosekana gesi inafungwa mara moja.

Nimeona jikoni kwa watu kitufe kimechomekewa kipande cha njiti kisirudi, na nimesikia fundi akijitolea "kuiruka sensa" kwa bei nafuu. Jiko litawaka, ni kweli. Ila siku maharage yatakapofurika yazime moto ukiwa uani unaanika nguo, gesi itaendelea kutoka mpaka mtungi uishe au mtu awashe kiberiti. Mfukuze fundi huyo.

Kwa dada nilisugua dakika kumi. Ncha ilikuwa na ukoko mweusi mgumu kama wa chini ya sufuria ya wali. Tukafungua madirisha, nikawasha, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Ikabaki. Kisha nikaupuliza moto makusudi uzime, kitufe nikakiacha wazi. "Unafanya nini wewe?" akafoka, mwiko juu. Nikamwambia asikilize. Zikapita sekunde kama ishirini, halafu nyuma ya kitufe ikalia: tak.