Amplifaya ya Gitaa la Besi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba amplifaya ya wati 600 hutoa sauti kubwa maradufu ya ile ya wati 300. Ukweli ni kwamba nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na ili msikilizaji aseme kuwa imekuwa maradufu zinahitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo tarakimu ya kutazamwa kwanza imo kwenye boksi la spika: ni desibeli ngapi linazotoa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Anayehama kutoka boksi la desibeli 94 kwenda la desibeli 100 hupata kile ambacho angekipata kwa kuzidisha wati zake mara nne, na inasikitisha kuona wapigaji wengi wakiipita tarakimu hiyo bila kuisoma.

Wengine husisitiza kwamba amplifaya dogo ndilo linalounguza spika. Kinachounguza koili ya spika, yaani waya uliozungushwa ndani yake, ni joto la nguvu iliyozidi uwezo wake. Amplifaya likilazimishwa kupita kikomo, vilele vya mawimbi hukatwa, na nguvu inayotoka yaweza kukaribia maradufu ya ile iliyoandikwa. Lakini boksi linalomudu kiasi hicho haliungui, hata kama sauti inakwaruza, ingawa tweta, yaani spika ndogo ya sauti za juu, iliyo dhaifu zaidi, yaweza kudhurika. Kwa besi, hatari isiyosemwa sana ni mwendo wa koni, yaani uso wa spika unaosukuma hewa. Waya wa E hutetema kwa hezi 41, yaani masafa ya mitetemo 41 kwa sekunde, na waya wa B wa gitaa la nyaya tano kwa hezi 31 hivi. Katika boksi lenye tundu la hewa, masafa yaliyo chini ya yale ambayo tundu limepangiwa huiacha koni bila hewa ya kuizuia, ikapita mpaka wake kabla ya wati zilizoandikwa kufikiwa. Ndiyo maana kichujio kinachokata masafa ya chini kabisa ni kinga bora kuliko wati za ziada.

Si kweli pia kwamba boksi laweza kuongezwa wakati wowote. Omu hupima ukinzani wa boksi kwa umeme, na kadiri zinavyopungua ndivyo mzigo wa amplifaya unavyozidi. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba hufanya omu 4, na manne hufanya omu 2, mzigo ambao amplifaya lenye kikomo cha omu 4 litaubeba kwa kuchemka au kujizima. Chaneli mbili za amplifaya zikiunganishwa kuwa moja, kila chaneli huona nusu ya mzigo, hivyo boksi la omu 4 hudai chaneli zinazomudu omu 2.

Kuhusu dai kwamba wati za valvu (mirija ya kioo ya kukuzia sauti) ni kubwa kuliko za transista, wati ni wati. Tofauti ni kwamba valvu hukata vilele taratibu, hivyo mpigaji huweza kulisukuma amplifaya hadi ukingoni bila kuchukiza sikio, ilhali la transista huhitaji akiba ya nguvu. La valvu, hata hivyo, lisipigwe kamwe bila spika, kwa kuwa transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuharibika.